Mashine inazimika katikati ya kurenda: pawa saplai ya wati ngapi kwa RTX 3090, na umeme unaoshuka una lawama gani?

MchoraNyumba (Kigoma) ameuliza:

Habari za kazi, wakuu. Ninafanya kazi ya kuchora majengo kwa kompyuta hapa Mwanga, Kigoma, na sehemu kubwa ya kipato changu hutokana na picha za nyumba ambazo wateja hupenda kuziona kabla hawajaanza kuchimba msingi. Mwezi uliopita nilinunua kadi ya grafiki ya RTX 3090 iliyokwisha kutumika, kwa sababu ya kumbukumbu yake ya GB 24, maana michoro yangu mikubwa ilikuwa haienei tena katika kadi ya zamani ya GB 8. Kadi ni nzima na picha zinatoka safi, lakini mashine huzimika ghafla nikiwa katikati ya kurenda, yaani kompyuta inapokokotoa picha ya mwisho kutoka kwenye mchoro. Hakuna ujumbe wa hitilafu wala skrini ya bluu; feni zote husimama kwa pamoja na chumba kikawa kimya. Nikibonyeza kitufe cha kuwasha haiitiki kabisa, mpaka nizime swichi iliyo nyuma ya pawa saplai (kile kiboksi kinachoigawia mashine umeme), nisubiri kidogo, kisha niiwashe upya.

Mashine yenyewe ina prosesa ya Ryzen 9 5950X, RAM ya GB 64, diski mbili za SSD na moja ya kuzunguka. Pawa saplai ni ya wati 650, daraja la Bronze, na nimekaa nayo miaka mitano bila tatizo. Kadi ina matundu matatu ya pini 8, ilhali pawa saplai ina kebo mbili tu za kadi, kila moja ikiwa na vichwa viwili. Kwa hiyo nimechomeka vichwa viwili vya kebo moja na kimoja cha ile nyingine.

Kuna jambo la pili linalonichanganya. Pembeni ya ofisi yangu kuna fundi wa kuchomelea mageti, na kila anapoanza kazi taa zangu hufifia. Nilichomeka mita kwenye soketi nikaona volti 186, wakati saa za utulivu husoma kati ya 225 na 230. Rafiki mmoja ananiambia kwamba pawa saplai haina kosa na kwamba ninunue stabilaiza kubwa. Mwingine ananiambia ninunue pawa saplai ya wati 1,200 nimalize. Fedha niliyo nayo haitoshi kununua vyote viwili, na chochote nitakachoagiza kitatoka Dar es Salaam kwa basi, hivyo nikikosea nitalipa nauli ya mzigo mara mbili na kupoteza siku za kazi. Naomba mnisaidie kujua tatizo liko wapi kabla sijatoa hela.

FunditaboraMkongwe amejibu:

Mdogo wangu, pole kwa usumbufu, na nakushukuru kwa kueleza dalili kwa utulivu, kwa sababu jibu liko ndani ya maelezo yako mwenyewe. Umesema kwamba ikizimika haiwaki tena mpaka uzime swichi ya nyuma. Hiyo ni tabia ya pawa saplai iliyojifunga yenyewe baada ya ulinzi wake wa ndani kuona mzigo umezidi. Umeme wa ukutani unaposhuka kupita kiasi, kwa kawaida mashine huzimika au hujiwasha upya, lakini umeme ukirudi sawa kitufe cha mbele huitika. Kwa hiyo mimi, kabla ya kupima chochote, namshuku kwanza mgonjwa aliye ndani ya kasha, si jirani yako wa mageti.

Tupige hesabu. Nvidia waliitangaza RTX 3090 kwa wati 350 na kushauri pawa saplai isiyopungua wati 750. Kadi zenye matundu matatu ya pini 8 mara nyingi zimewekewa kikomo kilichozidi kidogo hizo 350. Prosesa yako imeandikwa wati 105, lakini kwa mipangilio ya kiwandani inaruhusiwa kuvuta hadi 142 katika soketi yake. Ongeza wati 60 au 70 za ubao mama, RAM, diski na feni, unafika karibu 570 hadi 600. Ukiishia hapo utasema 650 inatosha, na ndipo watu wengi wanapoishia.

Tatizo ni kwamba zile wati 350 ni wastani. Kadi za kizazi kile hubadilisha mwendo wake kwa kasi kubwa, na ndani ya muda mfupi kuliko milisekunde moja zinaweza kuvuta zaidi ya wati 500 kisha zikashuka. Mita ya ukutani haioni mruko huo, na hata programu ya Nvidia yenyewe haiuonyeshi, kwa kuwa vyote viwili vinasoma wastani. Lakini ulinzi ulio ndani ya pawa saplai unauona. Ukichukua mruko wa wati 500 na kitu, ukaongeza prosesa na vingine, umepita 700 katika pawa saplai ya 650 ambayo kapasita zake zimeshazeeka kwa miaka mitano. Inajifunga, na kwa kweli inafanya hivyo ili kukulindia mali yako.

Kabla hujaagiza kitu, fanya majaribio mawili yasiyogharimu senti. La kwanza, renda siku ambayo jirani hafanyi kazi, mita ikiwa kwenye soketi. La pili, fungua dirisha la amri kama msimamizi wa mashine, uandike `nvidia-smi -pl 250`, na hapo kadi itazuiwa isipite wati 250 kwa wastani, na miruko yake itapungua pia. Agizo hilo hufutika mashine ikizimwa, kwa hiyo usiogope. Ikiwa inazimika siku ya utulivu kwa nguvu kamili, lakini haizimiki ikiwa imezuiwa hata jirani akichomelea, utakuwa umepata ukweli wote.

Jambo moja la haraka wakati unasubiri: hiyo kebo moja uliyoitumia vichwa viwili inabebeshwa hadi wati 300, yaani ampea 25 katika nyaya tatu tu za volti 12. Ishike kwa mkono baada ya dakika 10 za kurenda. Ikiwa ni ya moto, usiendelee kuitumia kwa nguvu kamili.

Kibirizi_PC amejibu:

Mkuu, nunua ya wati 1,200 ulale usingizi. Mimi nilifanya hivyo na sijawahi kujuta.

FunditaboraMkongwe amejibu:

Ndugu wa Kibirizi, nakubali kwamba itafanya kazi, ila muulizaji amesema fedha yake ina mpaka. Wati 1,200 za bei nafuu ni hatari kuliko wati 850 za kweli. Nimefungua pawa saplai nyingi hapa mezani kwangu Tabora zilizoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, na ukisoma jedwali dogo la lebo unakuta mstari wa volti 12 umeandikwa ampea 18 au 20. Zidisha 20 kwa 12 upate wati 240, na huo ndio uwezo wake kwa kadi na prosesa. Pawa saplai ya kweli ya wati 850 huandikwa karibu ampea 70 kwenye mstari huo, na ya wati 1,000 karibu ampea 83. Tusubiri kwanza majibu ya majaribio.

MchoraNyumba ameandika:

Shikamoo mzee wangu. Nimefanya kama ulivyonielekeza. Jumapili jirani alikuwa amefunga, mita ikasoma volti 228 bila kucheza, nami nikarenda sebule moja yenye vioo vingi kwa nguvu kamili. Ilizimika dakika ya 11, na kama kawaida haikuitika mpaka nilipozima swichi ya nyuma. Kisha nikaizuia kwenye wati 250, nikaiacha saa tatu mfululizo, na haikuzimika. Picha moja iliyokuwa ikichukua dakika 14 sasa inachukua 16, jambo ambalo sikulitegemea. Nilidhani ningepoteza zaidi.

Jumatatu jirani alirudi na geti kubwa la ghala. Nilikaa nikiitazama mita kama mtu anayelinda maziwa jikoni: ilishuka hadi 183, taa ikafifia, feni ya mezani ikapunguza mwendo, na kompyuta ikaendelea kurenda kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa hakika hilo lilinishangaza.

Kuhusu kebo, ile yenye vichwa viwili ilikuwa ya moto karibu na kichwa, wakati ile nyingine ilikuwa vuguvugu tu. Sasa naomba mnieleze ninunue ya wati ngapi na nitazame nini dukani, kwa kuwa nitamtuma mtu Kariakoo na yeye si mtaalamu.

FunditaboraMkongwe amejibu:

Marahaba, mdogo wangu. Basi kesi imekwisha: stabilaiza haihitajiki.

Kwa nini mashine haikujali volti 183? Angalia lebo ya pawa saplai yako kwenye mstari wa umeme unaoingia. Naamini utakuta imeandikwa volti 100 hadi 240. Pawa saplai ya aina hiyo ina sakiti inayorekebisha uvutaji wa umeme, na volti zikishuka huongeza ampea ili kutoa nguvu ileile. Mashine inayovuta wati 700 ukutani hutumia ampea 3 hivi kwenye volti 230, na karibu ampea 3.9 kwenye volti 180. Waya wa ukutani ulio mzima unazibeba bila shida. Stabilaiza za rilei zinazouzwa mitaani zingekuletea milio ya kubadilisha ngazi za volti kila fundi anapogusa chuma, na kila mlio ni mkatiko mdogo. Kwa hiyo mtu wako huko Kariakoo asome mstari huo kwanza, hata kabla ya wati. Akikuta imeandikwa 200 hadi 240 tu, airudishe rafuni, kwa sababu mtaani kwako volti zinafika 183. Na akikuta nyuma kuna swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230, asiinunue hata kwa bei ya bure. Muundo huo ni wa kizamani, na mtoto akiisogeza kwenda 115 siku moja, italipuka utakapowasha.

Sasa wati. Kwa kadi hii na prosesa hii mimi nasema 850, ya mtengenezaji anayeaminika, na ikiwezekana iwe ya kanuni ya ATX 3.0 au 3.1. Kanuni ya ATX 3.0 ilitolewa na Intel mwaka 2022 kwa sababu ya miruko hiihii inayokusumbua: pawa saplai iliyoundwa kwa kuifuata inapaswa kuhimili mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100, na asilimia 120 kwa milisekunde 100, bila kujifunga. Kwa ya wati 850 hiyo ni 1,700 kwa kufumba na kufumbua, na 1,020 kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Mruko wa 3090 hautaifikia. Ya wati 1,000 ingekuwa na maana kama una nia ya kuja kununua RTX 5090, ambayo hutumia wati 575 na yenyewe imeshauriwa 1,000. Kwa RTX 4090 ya wati 450 ushauri rasmi ni 850.

Kuhusu daraja, yaani Bronze au Gold, wengi hudhani Gold ni alama ya nguvu au uimara. Hapana, ni alama ya kutopoteza umeme. Bronze ikiwa nusu ya mzigo hufikia asilimia 85 kwenye kipimo cha volti 115, na Gold hufikia 90. Kwa mzigo wa wati 600 tofauti ni kama wati 40 zinazogeuka kuwa joto ndani ya boksi lile dogo. Kwako Kigoma, ambako ofisi haina kiyoyozi na mchana jua ni kali, hizo wati 40 si za kudharau. Lakini muhimu zaidi, asome imepimwa uwezo wake katika joto lipi. Nzuri huandikwa nyuzi 50. Za ovyo husema 25 au hazisemi kitu. Mifano niliyoifunga mwenyewe na ambayo haijanirudia mezani ni Corsair RM850x na Seasonic Focus GX-850, na zote mbili zina dhamana ya miaka 10. Dhamana hiyo ni ngumu kuidai ukiwa Kigoma, hilo nalijua, ila inakuonyesha mtengenezaji anajiamini kiasi gani.

Mwisho wa manunuzi, boksi liwe na kebo za kutosha ili kila tundu la kadi lipate kebo yake, yaani tatu. Si kila ya wati 850 inazo tatu.

Dada_wa_Ujiji amejibu:

Kaka MchoraNyumba, fundi amemaliza mengi, lakini naomba nisisitize hilo la kebo kwa sababu limenigharimu. Mimi nahariri video za harusi hapa Ujiji, na mwaka juzi nilibadilisha pawa saplai nikaacha kebo za zamani ndani ya kasha kwa kuwa zilikuwa zimefungwa vizuri na vichwa vyake viliingia kwenye ile mpya bila kulazimisha. Nilipowasha nilisikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, kisha harufu ya plastiki. Diski mbili zilikufa papo hapo, moja ikiwa na harusi ambayo nilikuwa sijaikabidhi. Upande wa kifaa vichwa vina mpangilio mmoja kwa wote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na wakati mwingine hata mifano miwili ya mtengenezaji mmoja hutofautiana. Mahali penye volti 5 kwenye moja huweza kuwa na volti 12 kwenye nyingine. Toa kebo zote za zamani, hata ile ya diski iliyojificha nyuma, na ufunge mpya zilizokuja ndani ya boksi.

La pili, umegusa kasha lako ukiwa pekupeku? Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa na soketi za matundu matatu lakini ule waya wa ethi, unaopeleka umeme uliopotea ardhini, haukuwa umeunganishwa popote. Nikigusa kasha nilikuwa nahisi mtetemo kwenye vidole, nikadhani pawa saplai ni mbovu. Kumbe kichujio cha ndani ya kila pawa saplai hupeleka umeme kidogo kwenye ethi, na ethi ikikosekana chuma cha kasha hubaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Ampea zake ni ndogo sana, ila hazifai kwa vifaa unavyochomeka na kuchomoa. Fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya jengo lenu kabla hujafunga kitu kipya cha bei kubwa.

MchoraNyumba ameandika:

Asante sana dada yangu, na pole kwa hasara ile. Nimegusa kasha leo na kweli kuna mtetemo, hasa mkono ukiwa na jasho. Fundi umeme anakuja kesho.

Nimeamua kuagiza ya wati 850 ya ATX 3.0, yenye kebo tatu za kadi. Nimebakiza swali moja. Umeme ukikatika kabisa napoteza kazi ya usiku mzima, na hapa ofisini nina UPS ya VA 650. Itabeba mashine hii?

Dada_wa_Ujiji amejibu:

Haitabeba, kaka. VA si wati. UPS nyingi za VA 650 hutoa wati 360 hadi 390 tu, na mashine yako ikirenda kwa nguvu kamili itavuta zaidi ya 650 ukutani. Umeme ukikatika UPS hiyo itapiga kelele na kuzimika hapohapo. Tafuta ya VA 1,500 inayosema wazi wati 900, na iwe ya wimbi safi la umeme (pure sine wave). Zile za wimbi la ngazi huweza kugombana na pawa saplai za kisasa zenye sakiti aliyoieleza fundi, zikazimika wakati wa kuhama kwenda betri. Muda wa kuhama hauna shida: UPS nyingi huhama chini ya milisekunde 10, na pawa saplai nzuri hujishikilia yenyewe milisekunde 12 hadi 17 kutegemea mzigo.

Lakini kabla hujainunua, kuna dawa ya bure kwa kazi zako za mwendo. Usirende moja kwa moja kwenye faili la video. Renda kila fremu kama picha yake kwenye folda, kisha uziunganishe mwishoni. Umeme ukikatika fremu ya 412, utaanza tena ya 412, na zile 411 zitakuwa salama kwenye diski.

FunditaboraMkongwe amejibu:

Dada amesema kweli. Mdogo wangu, mzigo ukifika, kabla hujafunga kasha, vuta taratibu kila kichwa cha pini 8 kuhakikisha kile kifungio chake kimeng'ata, maana kichwa kilichoingia robo tatu huwasha mashine vizuri tu na kuungua baadaye. Weka pawa saplai feni yake ikitazama chini ikiwa kasha lako lina matundu yenye chujio upande huo, na usiliweke kasha sakafuni kwenye vumbi. Kisha hakikisha kizuizi cha wati 250 kimefutika, renda ile sebule ya vioo kwa saa nzima, ushike kebo zote tatu kwa mkono, utuandikie hapa.